Mifuko Mitatu ya Salfa: Kisa cha Databesi Iliyozimikiwa Umeme

Jumatatu ya tarehe 9 Septemba 2024, nikiwa bado nafagia mlangoni, mama mmoja alishuka kwenye bodaboda mbele ya banda langu karibu na soko la Majengo, amekumbatia sipiyu iliyofungwa kwa kitenge. Nilimpokea mzigo kwanza, salamu zikafuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Databesi imekataa kufunguka, na Ijumaa ni siku ya malipo."

Ni karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, kata moja nje ya jiji. Anayeijua Dodoma anajua Septemba ina maana gani kwa watu hao. Mizabibu ya huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, mara moja kuelekea Machi na mara ya pili Agosti hadi Septemba, na msimu huu wa pili ndio unaolipa ada za shule na kununua mahindi ya kula mpaka mvua zirudi. Zabibu ikishavunwa haingoji. Mkulima ameshaipeleka kwenye mizani, imeshapakiwa kwenye kreti, imeshaondoka. Kilichobaki mkononi mwake ni risiti, na kilichobaki ofisini ni faili moja kwenye kompyuta moja.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu karibu kila mwezi naletewa ndugu yake: databesi ya duka la dawa, ya shule, ya SACCOS, iliyotengenezwa miaka ya nyuma na kijana aliyejitolea kisha akahama. Wengi wanaoileta wameambiwa kwamba data imepotea. Mara nyingi si kweli siku ile ya kwanza, ila huwa kweli kufikia siku ya nne.

Faili lenyewe lilikuwa la Access 2003, programu ya databesi ya Microsoft, lile la kiambishi cha .mdb, kwenye kompyuta ya Windows 7. Lilikuwa na majedwali matatu ya maana. Wanachama, watu 412. Mizani, ambamo kila kreti zilizopimwa zina namba ya risiti, tarehe na kilo. Na Pembejeo, ambamo mwanachama aliyechukua salfa au dawa nyingine kwa mkopo huandikwa ili akatwe siku ya malipo. Hili la tatu dogo ndilo lililotutoa jasho, kwa hiyo msomaji alikumbuke.

Nilimwomba anisimulie Alhamisi iliyopita, siku ya mwisho databesi kufunguka, dakika kwa dakika. Saa kumi na moja na dakika kumi jioni alimaliza kuingiza risiti za siku, akabofya alama ya kufunga, dirisha likawa linafikiria kidogo kama kawaida yake, umeme ukakatika. Hakukuwa na UPS, kile kifaa cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika. Ijumaa asubuhi alipowasha, Access ikamjibu kwamba haitambui muundo wa faili hilo. Ni kosa namba 3343, na huwa linatisha kwa sababu halisemi faili limeharibika. Linasema hili si faili la databesi kabisa.

Kuanzia hapo watu wema walijitokeza kusaidia. Kijana wa jirani alipakua programu tatu za kukarabati kwa bando la simu yake, akazisakinisha moja baada ya nyingine kwenye kompyuta ileile. Moja ikaonyesha majina ya majedwali kwa rangi ya kijivu na kudai dola kabla ya kutoa chochote. Jumamosi mtu mwingine alileta Office mpya kwenye flashi, nayo ikasakinishwa. Jumapili wakapumzika. Nilipokuja kupiga hesabu baadaye, zaidi ya GB 4 zilikuwa zimeandikwa kwenye diski ile kati ya Ijumaa na Jumapili. Mama aliponiambia hayo alikuwa anatazama sakafu, nikamwambia asijilaumu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza.

"Sasa unaiwasha?" akauliza.

"Hapana mama. Hii hatuiwashi tena mpaka kazi iishe."

Nilifungua sipiyu, nikatoa diski. Ilikuwa ya sahani inayozunguka, GB 320, na nilipoiona tu moyo ulitulia kidogo. Ingekuwa SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani, Windows 7 na zinazofuata huiambia diski mara moja kwamba nafasi ya faili lililofutwa haina kazi tena, na diski huisafisha. Hizi za zamani hazisafishi. Faili likifutwa, linaloondoka ni jina lake kwenye orodha. Mwili hubaki palepale mpaka kitu kingine kikalie nafasi hiyo.

Nikaichomeka kwenye laptopu yenye Ubuntu badala ya Windows, bila kuipa ruhusa ya kuandikwa chochote, nikatumia ddrescue kuchukua taswira ya diski nzima, baiti kwa baiti, kwenda kwenye diski ya nje. Kwa waya wa USB nilionao ilichukua karibu saa tatu. Kuanzia hapo diski ya chama ilirudi kwenye kitenge na haikuguswa tena. Kila nitakachosimulia hapa kilifanyika kwenye nakala, na nakala ya nakala.

Saa tatu hizo hazikupotea. Mama alikaa kwenye benchi, tukaandika pamoja kwenye karatasi vitu vyote ambavyo chama kinavyo nje ya kompyuta. Kopi za kaboni za risiti za mizani, zote, kwenye maboksi. Leja ya ghala, inayoonyesha mifuko mingapi ya salfa imetoka kila siku lakini bila majina ya waliochukua. Na flashi moja ndani ya pochi yake, yenye kopi ya databesi ya mwezi Aprili 2024. Flashi hiyo ilikuwa imefungwa kwa lastiki pamoja na funguo za ghala. Nilimwambia ameniletea nusu ya kazi ikiwa imekwisha, na nilimaanisha.

Faili lililogoma lilikuwa na baiti 38,912,000. Namba hiyo niliigawa kwa 4,096 kabla ya kufanya lolote, nikapata 9,500 kamili, bila baki. Kuanzia Access 2000, faili la .mdb limejengwa kwa kurasa za baiti 4,096 kila moja, kwa hiyo faili zima lazima ligawanyike sawasawa. Lisipogawanyika, limekatwa mkia, pengine wakati wa kunakiliwa. Hili lilikuwa na urefu wake wote. Tarehe yake ya mwisho kuandikwa ilikuwa Alhamisi jioni, maana yake zile programu tatu hazikuandika ndani yake.

Kisha nikalitazama kwa programu ya kuonyesha baiti. Faili zima la aina hii huanza na 00 01 00 00, halafu maneno yanayosomeka kwa macho: Standard Jet DB. Hapa palikuwa na sifuri. Nikateremka ukurasa wa pili, sifuri. Wa tatu, sifuri. Kurasa 16 za mwanzo, yaani baiti 65,536, zilikuwa tupu kabisa, halafu ukurasa wa 17 ukaanza ghafla, mzima, kama vile hakuna kilichotokea.

Basi hiyo ndiyo sababu Access haikulitambua. Ukurasa wa kwanza ndio wenye utambulisho wa faili, na kurasa chache zinazofuata zina katalogi: orodha ya majedwali yote na ukurasa ambao kila jedwali linaanzia. Bila katalogi, Access ni mgeni aliyeshushwa stendi ya Jamatini usiku bila namba ya simu ya mwenyeji. Nyumba zipo zote, wenyeji wamo, yeye tu hajui pa kugonga.

Kwa nini sifuri, tena mwanzoni? Hapa ndipo kitendawili kilipofunguka, na ufunguo ulikuwa maneno ya mama mwenyewe: dirisha "likawa linafikiria kidogo kama kawaida yake". Nilifungua kopi ya Aprili, nikaangalia mipangilio, nikakuta chaguo la kubana faili kila linapofungwa limewashwa. Kubana ni kazi nzuri, huondoa nafasi zilizoachwa na rekodi zilizofutwa. Lakini Access hailibani faili mahali lilipo. Inaunda faili jipya pembeni, kwa toleo hili huliita db1.mdb, inahamishia humo kila kitu, inafuta la zamani, kisha inalipa jipya jina la zamani. Mama alikuwa akifanyiwa upasuaji huo kila jioni bila kujua.

Kwenye folda hapakuwa na db1.mdb. Hiyo ni dalili kubwa. Ingekuwepo, ningejua kazi ilikatikia njiani na faili la zamani bado lipo. Kutokuwepo kwake kulimaanisha kazi ilifika mwisho: la zamani limefutwa, jipya limepewa jina. Ila Windows hushika kwanza kwenye kumbukumbu yale inayotakiwa kuandika, na mfumo wake wa mafaili, NTFS, hutunza jarida la majina na ukubwa wa mafaili, si la yaliyomo. Umeme ulipokatika, jina na urefu vilikuwa vimeshafika kwenye diski, baadhi ya kurasa bado. Ukawasha tena, ukakuta nyumba yenye namba mlangoni na vyumba vingine vitupu.

Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili mkononi. Faili jipya lenye matundu. Na mahali fulani kwenye diski hiyohiyo, katika nafasi zilizotangazwa kuwa wazi, faili la zamani lililofutwa dakika ileile, zima, na juu yake GB 4 za misaada.

Nilianza na jaribio ambalo halikufanikiwa. Nilichukua kurasa 16 za mwanzo za kopi ya Aprili, nikazipandikiza kwenye nakala ya faili bovu. Mbinu hii hufanya kazi pale ambapo faili halijabanwa kati ya kopi na ajali, maana kurasa zinakuwa hazijahama. Hapa lilifunguka kweli, na majina ya majedwali yakaonekana, na kwa dakika moja nilifurahi. Nilipofungua Wanachama nikakuta mchanganyiko wa alama na namba. Katalogi ya Aprili ilikuwa inaelekeza kwenye kurasa za Aprili, na tangu wakati huo faili lilikuwa limebanwa kila jioni na kila jedwali limehama. Anayefanya kazi hii asije akaridhika kwa sababu faili limefunguka. Kufunguka hakuthibitishi chochote.

Nikaacha kutafuta njia ya kuipa Access faili linalokubalika, nikaamua kusoma kurasa mwenyewe.

Faili la aina hii ni rundo la kadi za ukubwa mmoja, na kila kadi imeandikwa pembeni ni ya nani. Baiti ya kwanza ya ukurasa inasema ni ukurasa wa aina gani: 01 ni wa data, 02 ni wa maelezo ya jedwali, 03 na 04 ni wa faharasa. Ukurasa wa data, kuanzia baiti ya tano, una namba ya ukurasa wenye maelezo ya jedwali lake. Kwa hiyo hata katalogi ikiteketea, kila kadi bado inamjua mwenyewe. Niliandika programu fupi ya Python inayosoma baiti 4,096 kila mara, ikaweka kando kurasa zote zinazoanza na 02. Katika hizo majina ya safu yanasomeka, kila herufi ikifuatwa na sifuri: U, sifuri, z, sifuri, i, sifuri, t, sifuri, o. Nilipoona neno Uzito limejitokeza hivyo kwenye upande wa kulia wa skrini, nilimwita mama aje aone. Alisogeza miwani akasema, "Hiyo ni ya kwetu."

Nitaonyesha rekodi moja ilivyo, kwa faida ya fundi mwenzangu atakayekutana nayo. Hii ni ya Pembejeo:

07 00 74 14 00 00 BB 00 00 00 00 00 00 00 00 30 E6 40 02 00

Baiti mbili za mwanzo ni idadi ya safu za jedwali, saba. Nne zinazofuata ni namba ya rekodi, na zinasomwa kwa kugeuzwa, ndogo ikitangulia: 1474 kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa kumi na sita, yaani 5,236. Nne nyingine ni namba ya mwanachama, 187. Nane zinazofuata ni tarehe. Access huandika tarehe kama hesabu ya siku tangu 30 Desemba 1899, kwa namba ya desimali ya baiti nane. Hizo ni siku 45,440, yaani 28 Mei 2024. Mbili za mwisho hapa ni mifuko, miwili. Mbele kidogo kwenye rekodi hiyohiyo kuna FF FE kisha 53 61 6C 66 61, na hayo ni maandishi: Salfa.

Tarehe zikawa taa yangu. Kwa jinsi namba hizo zinavyoandikwa, kila tarehe kuanzia 10 Mei 2023 hadi 16 Desemba 2028 huishia na E6 40. Ukipita haraka kwenye maelfu ya kurasa za kipindi hicho, jicho linazoea kuiona jozi hiyo mahali pake, na isipokuwepo unajua umepotea safu. Rekodi zilizofutwa na karani kwa makusudi nazo zina alama yake: biti ya juu kabisa ya namba inayoonyesha mahali rekodi ilipo ndani ya ukurasa huwa imewashwa. Programu yangu iliziruka. Asiyejua hili atafufua makosa yote ambayo watu walishayasahihisha, kisha atalipa watu kwa makosa hayo.

Jumanne jioni nilikuwa na hesabu ya kwanza. Wanachama wote 412. Mizani rekodi 18,612, zenye pengo moja la rekodi 217 za msimu wa Machi 2023. Pembejeo ilikuwa na pengo la rekodi 96, kuanzia namba 5,210 hadi 5,305. Mapengo hayo mawili yalikuwa kurasa nyingine tupu, ndani zaidi ya faili.

Kabla ya kuyaziba nilitaka kujua kama programu yangu inasoma kweli au inabuni. Kopi ya Aprili ilikuwa nzima, inafunguka kawaida kwenye Access. Nikalinganisha rekodi zote za Mizani zilizokuwa kwenye kopi hiyo na zilezile nilizozichimba kwa mkono. Zilifanana, isipokuwa tisa. Tisa hizo zilininyima usingizi. Asubuhi tulifungua maboksi ya kaboni na mama. Ya kwanza kwenye kopi ya Aprili ilisema kilo 84, yangu ikasema 48. Kaboni: 48. Akakumbuka kwamba mwezi Mei mkaguzi wa ndani alimkuta na makosa ya kugeuza tarakimu, akayasahihisha. Zote tisa zilikuwa hivyo. Programu ilikuwa inasoma ukweli wa karibuni kuliko flashi.

Pengo la Machi 2023 likazibwa na flashi, zote 217. Jumla ya Mizani ikawa 18,829. Risiti ya mwisho ya Alhamisi ile ilikuwa namba 18,871. Tofauti ni 42. Mama hakusema kitu, alichukua boksi moja baada ya jingine na kuanza kuhesabu risiti zilizopigwa mstari wa kughairiwa. Alihesabu kwa sauti ya chini, akiweka kipande cha chaki kila alipofika kumi. Arobaini na mbili.

Ikabaki salfa. Pengo la Pembejeo lilikuwa la kati ya tarehe 21 Mei na 3 Juni 2024, baada ya flashi, kwa hiyo flashi haikuwa na la kusema. Ni siku ambazo wakulima wanajiandaa kupambana na ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokausha vichala vikiwa vichanga, na salfa ndiyo kinga yao. Watu walikuwa wamechukua mifuko mingi kwa mkopo katika wiki hizo mbili. Rekodi zisipopatikana, ama chama kinabeba deni, ama mtu fulani anakaa mezani na kukisia nani alichukua nini. Hili la pili ndilo linalovunja vyama.

Nikarudi kwenye taswira ya diski. Hapa bahati ilikuwa upande wetu kwa namna ambayo sikuitarajia. NTFS hugawa diski kwa vipande viitwavyo klasta, na ukubwa wake wa kawaida ni baiti 4,096, sawasawa na ukurasa wa Access. Kwa hiyo kila ukurasa wa faili lililofutwa umekaa ndani ya klasta moja, haujakatwa katikati. Diski ya GB 320 ina klasta kama milioni 78. Niliiambia programu ipite zote, ichukue kila klasta inayoanza kama ukurasa wa data, yenye rekodi za safu saba, na tarehe inayoishia E6 40 mahali pake. Namba ya jedwali sikuitegemea, kwa sababu kila kubanwa huweza kuibadilisha.

Na kwa kuwa faili lilikuwa likibanwa kila jioni, diski ilikuwa na mabaki ya vizazi vingi vya faili lilelile, la Jumatano, la Jumanne, la wiki iliyopita. Rekodi moja ilitokea mara nne, nyingine mara kumi na moja. Chaguo lililosababisha ajali ndilo lililotuachia akiba. Niliweka kanuni moja: rekodi iliyomo ndani ya faili la Alhamisi haiguswi, ya diski inaingia tu pale penye pengo, na matoleo yake yakitofautiana inasimama kando mpaka karatasi iamue. Hazikutofautiana.

Kati ya 96, zilipatikana 61. Ile ya mwanachama 187 ni mojawapo.

Nilipita tena mara mbili, nikalegeza masharti, nikatafuta neno Salfa peke yake kwenye klasta zote. Thelathini na tano hazikuwepo. Maeneo ambayo kurasa jirani zilipatikana, katikati yake palikuwa na vipande vya visakinishi vya Ijumaa na Jumamosi. Programu iliyopakuliwa ili kuokoa rekodi hizo ilikuwa imekaa juu yake. Kama kompyuta ingezimwa Ijumaa asubuhi na kuachwa imezimwa, naamini ningemrudishia mama jedwali lake zima.

Alhamisi tarehe 12 nilikwenda ofisini kwao na laptopu. Mwenyekiti aliniuliza kama siwezi kugawa mifuko iliyobaki kwa wastani. Nikamwambia, mzee wangu, mimi naweza kurudisha kilichoandikwa, siwezi kuandika kisichoandikwa. Tukachukua leja ya ghala. Siku zote za pengo, mifuko iliyotoka ni 260. Rekodi tulizonazo kwa siku hizo, pamoja na zile 61, zilieleza 186. Iliyobaki bila jina ilikuwa 74, kwa rekodi 35.

Mchana mwenyekiti aliitisha wanachama chini ya mwembe wa ofisi. Hakutoa hotuba ndefu. Alieleza kilichotokea kwa Kiswahili kisha kwa Kigogo, akataja tarehe, akasema anayekumbuka alichukua salfa siku hizo na jina lake halimo kwenye orodha aliyobandika ukutani, apite mezani. Kukawa kimya. Halafu bibi mmoja, mwenye ekari moja tu ya mizabibu, akasimama akajikung'uta kanga. "Mimi nilichukua miwili. Niandike." Baada yake watu walipanga foleni. Karani aliandika kila mmoja kwa namba mpya, na kwenye safu ya maelezo akaweka neno "amekiri" na tarehe ya siku hiyo, ili mkaguzi atakayekuja asidhani ni rekodi ya zamani. Walipita watu 33, mifuko 71.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kawaida. Nilijenga faili jipya tupu, nikaingiza majedwali, nikarudisha fomu na ripoti kutoka kopi ya Aprili, nikaunda upya faharasa na uhusiano wa majedwali. Chaguo la kubana wakati wa kufunga nikalizima. Sasa wanabana mara moja kwa mwezi, mchana, baada ya kunakili. Wamenunua UPS ndogo. Kila jioni kopi inakwenda kwenye flashi, na flashi ni mbili za kupokezana, moja ikilala kwa karani na nyingine kwa mweka hazina. Malipo yalifanyika Ijumaa kama yalivyotangazwa.

Mifuko mitatu haikupata mwenyewe. Rekodi mbili, kwa hiyo mmoja alichukua miwili na mwingine mmoja, ama wamehama, ama wamesahau, ama walikuwa shambani siku ile. Mweka hazina alipendekeza zifutwe ili hesabu ikae safi. Karani alikataa. Zipo mpaka leo kwenye jedwali la Pembejeo, zina aina, zina idadi, zina "kati ya 21 Mei na 3 Juni 2024" kwenye maelezo, na safu ya mwanachama iko wazi.